Moyo Usaidiwe, Mishipa Isipotee

Figo na moyo ni majirani: mmoja akiugua, wa pili hukosa raha. Kwa hiyo twaona wagonjwa wa figo ambao mapigo ya moyo wao hupungua hata wakapata kizunguzungu na kuzimia. Hapo daktari huweza kusema kwamba yafaa mgonjwa atiwe pesimeka, yaani mtambo mdogo unaouamsha moyo kwa umeme kila unapochelewa kupiga.

Mtambo huo si jambo geni. Mtu wa kwanza kutiwa mwilini alikuwa Arne Larsson, huko Stockholm, mwaka 1958. Naye aliishi hata mwaka 2001. Siku hizi mtindo uliozoeleka ni huu: kisanduku hufichwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na bega, na waya hupitishwa ndani ya mshipa mpaka moyoni.

Kwa watu wengi mtindo huo wafaa sana. Lakini mgonjwa wa figo anaihitaji mishipa ileile kwa kazi nyingine. Figo zikishindwa kabisa, damu husafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kila juma, yapata saa nne kila mara. Ili damu itoke kwa wingi, mpasuaji huunganisha mkononi mshipa unaotoa damu moyoni na mshipa unaoirudisha. Njia hiyo huitwa fistula. Madaktari wa New York waliitangaza mwaka 1966. Sasa, damu ya mkono hurudi moyoni kwa mshipa mkubwa ulio chini ya mtulinga, na hapo ndipo waya wa pesimeka hupita. Waya ukikaa siku nyingi, mshipa huweza kufanya kovu na kuwa mwembamba. Mkono huvimba, fistula huziba, na mgonjwa hupoteza njia ya uhai wake.

Hatari ya pili ni vijidudu. Mtu anayechomwa sindano kila juma huweza kuingiwa navyo damuni. Vikishika waya, mara nyingi hapana budi mtambo wote utolewe.

Tangu mwaka 2016 Marekani imeruhusu pesimeka isiyo na waya, iitwayo Micra. Ni ndogo mfano wa kidonge kikubwa. Hupitishwa katika mshipa wa paja, ikashikamana ndani ya moyo. Mishipa ya mikono hubaki salama, wala hakuna kisanduku chini ya ngozi.

Je, kila mgonjwa wa figo aitake hiyo? La. Bei yake ni kubwa, na mahali pengi haipatikani. Mara chache hutoboa moyo wakati wa kutiwa. Betri ikiisha, si rahisi kuitoa. Tena mioyo mingine yahitaji mtambo wenye waya kadhaa. Basi, waya ukiwa lazima, upitishwe upande usio na fistula. Ama ushonwe juu ya moyo kwa nje.

Ninyi jamaa za mgonjwa, shikeni mambo matatu. Kwanza, ulizeni kama potasi ya damu imepimwa: ikizidi, hupunguza mapigo, na ikiisha kupunguzwa, moyo huweza kurudia mwendo wake bila mtambo wowote. Pili, mwambieni daktari wa moyo habari ya figo, hata kama kusafishwa damu hakujaanza, ili ashauriane na daktari wa figo kabla ya kuchagua. Tatu, damu ya kupimwa isitolewe katika mishipa ya mkono wa fistula, wala ya mkono unaowekwa kwa ajili yake. Yafaa itolewe nyuma ya kiganja cha mkono wa pili.

Wazee walisema: akiba haiozi. Mishipa ya mgonjwa wa figo ni akiba yake; nasi tulio karibu naye ndio walinzi wake.