Mshipa usingoje kupasuka

Wandugu wachimbaji wa Miti, tumezoea kusema: mgongo unauma juu ya beleshi. Mara nyingi ni kweli. Lakini ndani ya tumbo kuna mshipa mkubwa unaoshusha damu mpaka miguuni. Sigara na presha vinauharibu. Unaweza kuziba, miguu ikauma kila ukitembea. Ao unavimba kimyakimya, siku moja unapasuka. Hapo wengi hawafiki lopitali.

Tangu 1990, waganga wanapitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka palipovimba, bila kupasua tumbo. Palipoziba wanapanua kwa kaputo kadogo. Lakini kazi hiyo iko mbali na Miti, na bei ni kali. Siye dawa yetu ni kuvumbua mapema: ekografia ya tumbo inatosha, haina hata sindano. Kule Uingereza, wanaume wanaitwa kupimwa wakifika miaka 65.

Sheria ya kazi ya 2002 inamlazimisha patroni kutunza mfanyakazi mgonjwa na jamaa yake. Basi tunadai: wazee wa kazi waliovuta sigara wapimwe tumbo. Na wachimbaji wasio na kontra? Koperativa zifungue sanduku lao. Siye wenyewe, tuzime sigara.