Mbao za chini: tusifuate rangi tu

Mama mmoja wa kikundi chetu amepokea likelemba yake, na anataka kutandika parke katika saloni. Kabla hajatoa hata franka moja, tulimweleza kosa letu. Leo tunawaeleza nanyi.

Sisi pia tulipopokea zamu yetu, tulifuata rangi. Tulinunua mbao za iroko, nzuri kwa macho. Muuzaji aliapa kwamba zimekauka, na fundi alizipigilia juma lile lile. Mvua zilipopungua mwezi wa kwanza, mbao zikajikunja na kuachana. Biki za watoto zikawa zinatumbukia katikati, mende wakapata makao. Akiba ya miezi mingi iliharibika kwa sababu ya haraka yetu.

Mbona hivyo? Mbao mbichi imejaa maji. Ikikauka, upana wake hupungua. Urefu haubadiliki sana. Kwa hiyo tupange mbao chini ya paa, juu ya matofali, na kuweka vijiti kati ya mbao na mbao ili hewa ipite. Kila juma tupime kipande kile kile kwa mizani. Uzito ukiendelea kushuka, bado. Ukibaki ule ule majuma kadhaa, hapo tumwite fundi. Mbao nene huchukua miezi.

Sasa tuangalie chumba. Saloni ndogo yenye dirisha moja inahitaji mbao za rangi nyepesi na nyembamba, zikielekea upande wa mwanga. Wenge ni nyeusi karibu kama makaa: inapendeza katika chumba kikubwa, lakini chumba kidogo itakifanya kionekane kidogo zaidi, na vumbi litaonekana kila asubuhi. Sapeli ina wekundu. Iangalieni kwanza pamoja na rangi ya ukuta na viti. Iroko huanza na umanjano, kisha mwanga huifanya kahawia, basi msichague kwa rangi ya siku ya kwanza. Jikoni na bafuni tubaki na karo au simenti, maana maji ni adui wa mbao.

Kama chini ni simenti, tutandike plastiki kwanza, kwa sababu unyevu hupanda kutoka ardhini. Tukatae pia mbao zenye sehemu nyeupe ya pembeni ya mti. Wadudu huanzia pale.

Kuhusu afrormosia, mti wa misitu yetu ya Tshopo: tangu 1992 biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, maana ulikatwa sana. Tumuulize muuzaji mti umetoka wapi na karatasi zake ziko wapi. Miti hiyo watoto wetu nao wanaihitaji.

Yule mama alihesabu tena. Vyumba vya kulala vitabaki simenti, ili minervali ya watoto ilipwe kwanza. Mbao za saloni ziko chini ya baraza lake, na mtoto wake mkubwa anaandika uzito kila Jumamosi katika daftari. Juma lililopita bado ulishuka. Mama anangoja, nasi tunamsifu.

Tuonane juma lijalo.