Mgonjwa Naye Ana Haki ya Kulia

Mwalimu mmoja aliyepata kufundisha katika visiwa vya Ziwa Victoria alinisimulia juu ya mwanafunzi wake aliyemkuta akilia nyuma ya darasa. Mamake msichana huyo alikuwa mgonjwa hajiwezi. Mwalimu akamwambia, “Jikaze, fikiria mema tu, mamako atapona.” Mtoto akafuta machozi, na tangu siku hiyo hakumtajia tena habari za nyumbani. Mwalimu aliamini kwamba alimfariji. Mimi naona alimfungia mlango.

Anayekijua kisiwa cha Remba, katika Kaunti ya Homa Bay, anajua jinsi nyumba za mabati zilivyobanana juu ya mwamba ule mdogo, na wavuvi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania wakiishi bega kwa bega. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 4.9. Watu hao husemwa kuwa “wanaishi kwa matumaini.”

Wazo hilo lilikuwa jema lilipoanza. Shirika la TASO, lililoanzishwa Uganda mwaka wa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, lililieneza wakati ambapo mgonjwa alitengwa na kuhesabiwa maiti. Mwanamuziki Philly Lutaaya alipotangaza hadharani mwaka wa 1989 kwamba ana UKIMWI, alizunguka shuleni na makanisani akizungumza na vijana. Hakuuficha udhaifu wa mwili wake, na wala hakujifanya mzima. Alifariki Desemba ya mwaka uo huo.

Siku hizi matumaini yamegeuzwa kuwa amri. Mvuvi wa omena akisema amechoka kumeza vidonge kila siku, huambiwa ugonjwa ni mawazo tu. Akidhoofika, lawama ni za moyo wake. Lakini virusi havisomi uso wa mtu! Hudhibitiwa na dawa, nayo dawa, ingawa hutolewa bure katika hospitali za umma tangu mwaka wa 2006, haimpi mtu chakula wala nauli ya boti. Na mwaka wa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla, wagonjwa wengi walihofia kukosa dawa. Je, hao nao tungewaambia watabasamu?

Sikatai kwamba aliyekata tamaa kabisa aweza kuvitupa vidonge vyake. Ila hebu tufikirie yule aliyeruka dozi siku nne kwa kuwa alifuata samaki hadi ufuo mwingine. Akijua kwamba atakemewa kwa kukosa moyo, atamwambia muuguzi kuwa mambo ni shwari, na muuguzi ataandika hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nasi ndio tunaomlazimisha afiche.

Mwalimu yule aliniuliza, kwa uchungu kidogo, angemwambia nini mtoto wa watu. Nilimjibu kwamba hakuhitaji kumwambia kitu. Angeketi naye pale nyuma ya darasa, amwache alie, kisha amuulize kama mama alikula asubuhi ile.