Daftari la kliniki lisomwe kwa nidhamu ya jaribio

Miaka ya 2000, Newala ilikuwa miongoni mwa wilaya tano za kusini mwa Tanzania ambazo tarafa zake zilipigiwa kura ya bahati nasibu katika jaribio: tarafa 12 kati ya 24 zikawapa watoto wachanga dawa ya kuzuia malaria siku za chanjo, nyingine zikasubiri. Kura hiyo ndiyo iliyoufanya ulinganisho uwe wa haki.

Si kila swali hupigiwa kura. Madaftari ya wajawazito, Lukuledi hadi Newala, yana mengi ya kutufundisha, lakini yanapotosha upesi. Mama aliyejifungua kabla ya wakati hakupata muda wa kumeza dozi nyingi za SP, dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito; ukihesabu dozi tu, utaipa dawa sifa isiyo yake. Mbinu waliyoifafanua watafiti Miguel Hernán na James Robins mwaka 2016 inamtaka mtafiti aandike kwanza jaribio ambalo angelifanya: nani anaingia, anapewa nini, hesabu inaanza siku gani. Programu za bure, kama TrialEmulation, husaidia kazi hiyo.

Hakuna programu inayoweza kujaza tarehe iliyoachwa wazi na muuguzi aliyezidiwa na foleni. Halmashauri za Masasi na Newala ziajiri makarani wa takwimu katika zahanati, na vyuo vyetu vya afya vifundishe mbinu hii.