Mdudu Si Jina: Dumuzi, Fukusi na Deni la Wapenda Lugha

Ndugu msomaji, nina deni nililolibeba tangu siku nilipokuwa mgeni Igamba, katika Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Leo nataka kulilipa, walau kwa sehemu.

Mzee mwenyeji wangu alinipeleka kwenye ghala lake, akatoa gunzi moja la mahindi na kunikabidhi. Lilikuwa jepesi kama pamba. Nilipoligusa, likamwaga unga mweupe viganjani mwangu, na ndani ya unga ule wakatambaa vidudu vyeusi visivyozidi punje ya mchele. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mtu wa vitabu. Huyu ni nani?"

Nikamjibu, "Shikamoo tena, mzee. Huyu ni mdudu."

Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mdudu hata mjukuu wangu wa darasa la kwanza anamjua. Mimi nimekuuliza jina lake."

Sikuwa na jina. Nilikuwa na vina, mizani, na ngeli zote za Kiswahili kichwani, lakini sikuwa na jina la kiumbe kilichokuwa kinakula chakula cha nyumba iliyonikaribisha. Baadaye nilielewa kwamba kukosa jina ndiko kulikoleta hasara ile. Mzee alikuwa amekwenda dukani, akaomba "dawa ya wadudu wa mahindi". Muuzaji hakuuliza wadudu gani, na mzee hakusema, kwa kuwa wote wawili walitosheka na neno lile moja. Akauziwa unga wa dawa wa kumzuia fukusi. Aliyekuwamo ghalani alikuwa dumuzi.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanza. Twazoea kudhani kwamba kutambua wadudu ni kazi ya wataalamu wenye miwani na darubini, na kwamba kazi yetu sisi wapenda lugha ni kutunga na kusifu. Nasema sivyo. Utambuzi huanzia kwenye jina, na jina ni mali ya lugha. Taifa linaloacha majina ya viumbe wake yamezwe na neno "mdudu" linajifunga kitambaa machoni kwa mkono wake lenyewe.

Tuwatazame wenyewe. Fukusi ana mdomo mrefu uliochomoza mbele kama mkonga mdogo, na huo ndio utambulisho wake wa kwanza. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu, na mtoto hukua humo bila kuonekana. Dumuzi hana mkonga. Mwili wake ni kama kipande cha mti kilichokatwa kwa msumeno: mviringo ubavuni, na nyuma umekatika wima. Kichwa chake kimeinama chini ya kifua, hata ukimtazama kwa juu humwoni kichwa. Urefu wake ni milimita 3 hadi 4 na kidogo. Fukusi huacha matundu, lakini dumuzi huacha unga. Mkulima aliyeambiwa mambo haya mawili tu, mkonga na unga, hahitaji darubini.

Na tofauti hiyo si ya kujifurahisha. Dawa za kundi moja, zile za jamii ya fosforasi, humwangusha fukusi lakini dumuzi huzistahimili. Dawa za kundi jingine, zilizoigwa kutoka katika ua la pareto, humwangusha dumuzi lakini ni dhaifu zaidi kwa fukusi. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 wataalamu walishauri mchanganyiko wa zote mbili, na ndiyo maana wakulima waliambiwa wapukuchue mahindi kwanza, kwa sababu dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yaliyobaki kwenye gunzi. Ushauri wote huo hauna maana kwa mtu asiyejua ni nani aliyemo ghalani mwake.

Dumuzi huyu ana historia ambayo wanalugha wangepaswa kuisimulia. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Kwetu alibainika mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akala mahindi, akala na mihogo mikavu, kisha akasambaa Afrika Mashariki na kwingineko barani. Wataalamu humwita Prostephanus truncatus. Lakini wakulima hawakungoja wataalamu. Walimwita Skania, kwa jina la yale malori makubwa ya mizigo. Nchini Kenya wako waliomwita Osama. Ukikaa barabarani kuelekea Tunduma na kuyaona malori yalivyojipanga kuungoja mpaka, utaelewa jina la Skania bila kufafanuliwa: kitu kikubwa, chenye nguvu, kilichotoka mbali, kinachobeba mzigo wote na kuondoka nao.

Wako watakaoyadharau majina hayo, wakisema ni ya mitaani. Mimi nayaheshimu. Mtu hampi mdudu jina mpaka amemtazama, ameteseka naye, na amegundua kwamba si yule aliyemzoea. Jina la Skania ni ushahidi kwamba mkulima wa Tabora alitambua spishi mpya kwa macho yake. Hiyo ni sayansi, tena imesemwa kwa Kiswahili.

Nije sasa kwenye jamii nzima. Fukusi na dumuzi wote ni mbawakawa, yaani wadudu ambao mbawa zao za mbele zimekuwa ngumu kama ala ya jambia na kuzifunika mbawa laini za nyuma. Aristotle aliwaita kwa Kigiriki jina lenye maana hiyohiyo, mbawa za ala, na wanasayansi wanalitumia hadi leo. Spishi zao zilizokwisha kuelezwa duniani ni zaidi ya 350,000, takriban robo ya spishi zote za wanyama zinazojulikana. Sisi tunaliwekea kundi hilo lote neno gani mitaani? Mara nyingi tunasema "mende". Lakini mende si mbawakawa. Mtazame mgongoni: mbawa zake zimelaliana, moja juu ya nyingine. Mbawakawa, mbawa zake ngumu hukutana katikati ya mgongo na kufanya mstari mmoja ulionyooka. Mstari huo ndio alama ya kwanza ya kumfundisha mtoto.

Na Kiswahili si maskini. Tuna kimulimuli, ambaye watu wengi hushangaa kuambiwa kwamba naye ni mbawakawa. Tuna dundu. Wakulima wa minazi pwani wanamjua chonga, mwenye pembe kama kifaru, atobowaye kilele cha mnazi. Tuna bungua, ambaye Mbozi yote inamwogopa kwa kuwa Mbozi ni nchi ya kahawa. Bungua mweupe wa kahawa akikua ana papasi ndefu kuupita mwili wake. Jike hutaga mayai kwenye magome karibu na shina, na mabuu yake huzunguka chini ya gome, kisha huingia ndani ya mti na kula kimyakimya kwa mwaka mzima na zaidi. Mkulima huona majani yakigeuka manjano, na chini ya shina huona vumbi kama la msumeno. Bandu bandu huisha gogo: wahenga walisema kwa shoka, lakini bungua naye ameitimiza.

Katika shamba hilohilo la kahawa yuko kimatira. Ukimwita naye "mdudu" tu, utamweka kapu moja na bungua, ilhali hata si mbawakawa. Yeye hana meno ya kutafuna. Ana mrija wa kufyonza, na mgongo wake umekaa kama ngao. Bungua hutafutwa shinani, kimatira hutafutwa kwenye vichipukizi na matunda. Asiyetofautisha atapulizia dawa juu huku mti unaliwa chini.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu atasema: majina ya kienyeji hayaaminiki, kwa kuwa bungua wa hapa si bungua wa kule, na fukusi wa bibi yangu huenda ni dumuzi wa bibi yako. Basi tutumie Kilatini, kama ulimwengu unavyofanya tangu Linnaeus alipotoa toleo lake la mwaka 1758 linalohesabiwa kuwa mwanzo wa majina ya kisayansi ya wanyama. Pingamizi hili lina ukweli, nami silikatai. Watafiti lazima wawe na jina moja linaloeleweka Mbozi na Brasilia. Lakini Kilatini hakijawahi kuingia katika duka la pembejeo kijijini. Mzee wangu hatatamka Prostephanus mbele ya muuzaji, na muuzaji hataelewa akitamka. Dawa ya jina linalotangatanga ni kulipa maelezo: tuseme fukusi ni huyu mwenye mkonga, dumuzi ni huyu mwenye unga, tuchapishe na picha, tukubaliane. Ndivyo maneno yote ya lugha sanifu yalivyopata kutulia.

Pingamizi la pili hutoka kwetu sisi wenyewe: kwamba ushairi si kitabu cha kilimo. Lakini ni nani aliyetufundisha kutofautisha kitu na kitu kama si washairi? Katika mapenzi tunatenga mahaba, huba, nyonda na ashiki, wala hatukubali kuambiwa kwamba yote ni "kupenda". Mabaharia wa pwani walizipa pepo majina, kusi na kaskazi, kwa sababu jahazi lililokosea upepo halikufika. Ghala lililokosea mdudu nalo halifiki mwezi wa njaa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, waandishi wa kamusi waache kufafanua kwa kusema "aina ya mdudu". Maelezo hayo si fasili, ni kukwepa. Waseme umbo, makazi, na chakula chake. Pili, kabla ya kubuni neno jipya mezani, waulizwe wakulima. Mbozi Wanyiha wana majina ya wadudu katika Kinyiha, na wazee wanaoyajua wanaondoka mmoja mmoja. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuwatuma watoto waulize kwa babu na bibi, wamlete mdudu ndani ya chupa pamoja na jina lake, kisha darasa limchore. Katika wilaya hiyohiyo, Mbimba, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania ina kituo chake. Wadudu wa kahawa waliochorwa darasani wanaweza kulinganishwa na wa watafiti wale, jina la Kinyiha, la Kiswahili na la Kilatini yakakaa mstari mmoja. Tatu, sisi watunzi tuyatumie majina hayo. Neno lisilotumiwa huliwa kama punje ghalani: kwa nje laonekana zima, ndani ni vumbi.

Nilirudi kwa yule mzee baada ya kujifunza, nikamwonyesha kichwa kilichoinama na nyuma iliyokatika. Akanitazama kwa muda, akasema, "Kumbe jina lipo. Mbona lilichelewa?" Sikuwa na jibu la swali hilo pia. Nilichoweza kumwachia ni ubeti huu, ambao mjukuu wake aliushika siku hiyohiyo:

Mdudu si jina lake, fukusi ana mdomo,
Dumuzi na kichwa chake, kakificha chini humo,
Bungua na wana wake, shinani ndimo walimo,
Asiyejua majina, ghala lake li hatari.

Msomaji, kama kwenu kuna jina la mbawakawa ambalo hujalikuta katika kamusi yoyote, liandike leo, pamoja na umbo lake na mahali anapopatikana. Usingoje mpaka mwenye kulijua awe ameondoka.