Twanunua kwa Mchina, Mbona Hatumsomi?



Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinijia baada ya swala ya Ijumaa, uso umemkunjamana. Binti yake amepata nafasi ya kusomea mawasiliano chuo kikuu, huko Mwanza, na asema akimaliza ataendelea na lugha na mila za Wachina. "Simu anayo tayari," akasema mzee, "na Mchina yuko dukani. Kuna nini cha kusomea hapo?" Waliokuwapo barazani wakacheka. Mimi sikucheka, kwani neno lile si la mzee yule peke yake. Ni letu sisi watu wa pwani, na ni neno la khatari.

Natutazame huko huko Mwanza. Mchina hayuko dukani tu. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limejengwa na makampuni ya kwao. Tena mtazame mvuvi wa Ziwa Viktoria. Akimpasua sangara, hutoa bondo, kile kifuko cha hewa kinachomsaidia samaki kuelea. Mpishi wa kwetu angelitupa. Huko ziwani hukaushwa likasafirishwa hadi Hong Kong na China, na kilo yake huuzwa ghali kupita kilo ya minofu. Kwa nini? Kwa sababu kwa Wachina bondo ni chakula cha heshima. Hupikwa mchuzi katika karamu za arusi na za mwaka mpya, hupewa mzazi aliyejifungua apate nguvu, na hupelekwa zawadi kwa wakubwa. Ajuaye hayo ndiye ajuaye bei. Mvuvi wetu hayajui. Yeye huletewa bei kwa simu, akashukuru, akauza. Chombo anacho mkononi. Elimu ya chombo hana, wala ya yule aliye upande wa pili.

Wako watakaosema: "Sisi hatukatai elimu. Hata Mtume (S.A.W.) ametwambia tuitafute ingawa China." Twawajibu: neno hilo wanazuoni wa hadithi wameliona dhaifu, na Ibnul Jawzi amelitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Tusijenge juu yake. Iko riwaya madhubuti kuliko hiyo, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na amani kuwategemea wao katika barua zake. Zayd akajifunza kwa nusu mwezi tu, akawa ndiye mwandishi na msomaji wa barua hizo. Zingatia, ndugu yangu! Zayd hakujifunza ili awe kama wao. Alijifunza ili Waislamu wasisomewe barua zao na wengine.

Na sisi leo twasomewa. Zatujia khabari za ndugu zetu Waislamu wa Xinjiang. Picha moja yaonyesha msikiti umejaa na watu wanacheka. Nyingine yaonyesha vilio. Serikali ya China yasema inapigana na ugaidi. Afisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya Agosti 2022, ilisema huenda yaliyotendwa huko ni makosa dhidi ya ubinadamu. Ni wangapi kwetu wawezao kulisoma tangazo la Kichina lenyewe wakatwambia limesema nini? Twamwamini aliyetutumia, na kabla hatujamaliza kusikiliza tumekwisha kuwatumia watu arubaini. Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha tuichunguze khabari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na aya ya 13 yatufunza kuwa Mwenyezi Mungu ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Ya kwanza ndiyo elimu ya mawasiliano, ya pili ndiyo elimu ya mila za watu. Je, binti yule ametaka zaidi ya hayo?

Wengine watasema: "Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, ni cha maaskofu." Kweli. Kilianza Nyegezi mwaka 1960 kama chuo cha mafunzo ya jamii, kikawa chuo kikuu mwaka 1998, na waandishi wengi wa khabari wametoka hapo. Wenzetu walipokuwa wakijenga, sisi tulikuwa wapi? Mateka wa Badr waliojua kuandika fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina. Elimu haikukataliwa kwa dini ya mwalimu. Swala na haya za mtoto hufunzwa nyumbani, kabla hajapanda basi.

Na wako wasemao kuwa mila za Wachina hazituhusu. Hawa hawajui hata ya kwao. Zheng He, jemadari wa merikebu za China, alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu huko Yunnan. Merikebu zake zilifika Malindi, na mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Mkalimani wake, Ma Huan, naye Mwislamu, aliandika kitabu juu ya nchi za bahari hii, na Makka imo. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Mwaka 2011 mchezo wa Doudou na Mama Wakwe Zake ulionyeshwa TBC kwa Kiswahili, na nyumba ngapi ziliuacha upite? Wao wametusoma karne sita. Sisi twasema, kuna nini cha kusomea!

Sisemi tuwaige. Ulevi na kamari ni haramu vikitoka kokote. Wala simsifu kijana atakayesoma Kichina ili awe mkalimani wa mizigo tu, ampunje mvuvi kwa ufasaha zaidi. Twataka atakayerudi ziwani amwambie mvuvi bei ya haki, na arudi pwani atusomee khabari kama ilivyo.

Basi, mzazi mwenzangu, tangu 2013 zipo Taasisi za Confucius katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Mlango u wazi, na binti amekwisha kufunga mzigo wake. Ukimzuia, barua zako zitaendelea kusomwa na wengine, nawe utaambiwa watakalo.

Wabillahi tawfiq.