Kamera ya Barabarani Inaweka Nini Ukiwa Huna Kosa?

Ndugu yetu unayeendesha gari, na dada yetu unayeendesha pia, hebu piga hesabu hii ndogo. Ndani ya mji, mwisho wa spidi ni kilomita 50 kwa saa. Ukipita na 56, kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinasema ulipe shilingi 500. Ukipita na 61 ni 3,000. Ukipita na 66 ni 10,000. Ukizidisha kilomita tano au chini ya hapo, unaonywa tu. Kanuni hizo zimekuwepo miaka yote hii na wengi wetu hatujawahi hata kuzisikia, manake aliyekuwa akizisimamia ni askari aliyesimama juani, na kwa macho yake mawili hawezi kutofautisha 50 na 56. Kamera inaweza. Haichoki, haiendi kula, na haijali wewe ni mtoto wa nani.

Kwa miaka sasa NTSA imekuwa ikitaka kazi hii ihamie kwa mashine: kamera ikunase, kompyuta isome namba ya gari, ujumbe wa faini uingie kwa simu. Vijana wengi wametuuliza tuko upande gani. Tutajibu, lakini si kwa neno moja.

Kwanza tuseme ukweli. Barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na wengi wao ni watu waliokuwa wakitembea kwa miguu au wako juu ya pikipiki. Shirika la Afya Duniani linasema spidi ya wastani ikipanda kwa asilimia moja tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia nne. Mtu anayepita Mtwapa na kilomita 90 huku watoto wanavuka kwenda shule au madrasa, huyo hatutamtetea hapa, hata akiwa ndugu yetu wa damu. Na kamera ina faida moja ambayo kila dereva wa matatu anaijua: haiombi kitu kidogo. Hakuna noti inayokunjwa ndani ya leseni. Kama mashine inaweza kumpunguza yule karao wa kukusimamisha asubuhi na jioni akitafuta chai, sisi hatutalia.

Sasa tuje kwa upande wa pili, maanake huo ndio hausemwi kwa runinga.

Sheria nyingi za kila siku ziliandikwa zikimtegemea binadamu azitumie kwa akili. Orodha ya 2016 haina spidi peke yake. Abiria asiyefunga mkanda, 500. Anayetoa sehemu ya mwili nje ya gari linalokwenda, 1,000. Hata anayetembea kwa miguu akizuia magari kwa makusudi yumo, 500. Hebu ifikirie safari yako ya leo, kutoka kwenu mpaka ulikokwenda na kurudi, kisha utwambie umebakiwa na shilingi ngapi. Mzee anayemkimbiza binti yake hospitali ya Makadara usiku akiwa na uchungu wa kuzaa, askari akichungulia ndani ya gari atamwambia pita haraka. Kamera itamwandikia faini, na itabidi aende kujieleza baadaye kwa mtu ambaye hakuwepo.

Halafu mashine inasoma gari, haimsomi dereva. Wewe wajua wenyewe boda ngapi hapa mtaani zimeuzwa mara tatu na bado zina jina la yule wa kwanza. Sheria inataka umiliki uhamishwe ndani ya siku 14 baada ya kuuziana, lakini nani amefanya hivyo? Faini itamwendea mtu aliyeuza pikipiki zamani, na yeye atakuja kukutafuta wewe. (Tukiwa hapo: kama umenunua gari au boda na hujahamisha jina, fanya wiki hii. Usingoje kamera ikukumbushe.)

Kuna wanaosema angalau mashine haina ubaguzi. Mashine yenyewe haina, ni kweli. Lakini kuna mtu aliyechagua nguzo ya kuitundika. Mwaka 2022 waandishi wa ProPublica walichambua faini za kamera za mji wa Chicago, wakakuta kwamba nyumba zilizo katika maeneo yenye Weusi na Walatino wengi zilipigwa faini kwa kiwango cha karibu mara mbili ya maeneo ya Wazungu. Kamera zilikuwa aina moja mji mzima. Tofauti moja ilikuwa barabara zenyewe. Mitaa ya maskini ina barabara pana zinazomshawishi dereva akanyage, na kuna njia chache za miguu. Hapo hakuna askari aliyemchukia mtu, na bado mzigo ukaangukia wale wale.

Hayo yote ni ya faini, na faini hulipwa ikaisha. Linalotukosesha usingizi sisi ni jambo jingine: lile linalotokea ukiwa huna kosa lolote.

Kamera inayosoma namba za magari haisomi ya aliyekosa peke yake. Inasoma kila gari linalopita, kisha inaweka namba, mahali, tarehe na saa. Anayekwenda spidi 40 anasomwa sawa na anayekwenda 80. Ukiwa na kamera moja, hiyo ni picha tu. Ukiwa nazo mia, zimeunganishwa kwa kompyuta moja, umepata daftari la maisha ya watu: nani anaswali alfajiri msikiti upi, nani anakwenda darsa gani kila Jumamosi, gari la nani lilikuwa limeegeshwa nje ya mazishi ya nani. Hakuna aliyefuatwa na mtu. Daftari linajiandika lenyewe.

Hii si hadithi ya kutunga. Ilitokea Birmingham, Uingereza, na ni vizuri kila kijana Muislamu wa Kenya aijue. Mwaka 2010 wakaazi wa Sparkbrook na Washwood Heath, mitaa miwili yenye Waislamu wengi, hasa wenye asili ya Pakistan na Kashmir, waliona nguzo zinachimbiwa barabarani. Walielezwa kwamba ni kamera za usalama wa mtaa: wizi, fujo, dawa za kulevya, mambo ambayo mwananchi yeyote angefurahi yapunguzwe. Kamera zilikuwa zaidi ya 200. Nyingi zilikuwa za kusoma namba za magari, na 72 zilikuwa za siri, zimefichwa mtu asizione. Zilipangwa kuizunguka mitaa hiyo kama duara, hata ikawa huwezi kuingia wala kutoka kwa gari bila kuandikwa. Kisha mwandishi wa habari na wanaharakati wa hapo hapo wakafuatilia pesa zilitoka wapi. Pauni milioni tatu hivi, na zilitoka kwa mfuko wa kupambana na ugaidi. Mradi wenyewe uliitwa Project Champion.

Mtaa mzima ulikuwa umefanywa mshukiwa, na wenyewe walikuwa wameambiwa wanalindwa.

Lakini sikiliza kilichofuata, kwa sababu wengi wetu tukisikia habari kama hizi tunakunja mikono na kusema ndivyo dunia ilivyo. Wale wakaazi hawakuchoma gari, hawakurusha jiwe. Waliita mikutano wakajaa, Waislamu na wasio Waislamu, wakawauliza polisi maswali mbele ya watu: nani aliidhinisha, sheria gani, data inakwenda wapi. Kamera zikafunikwa mifuko ya plastiki kwanza. Mkuu wa polisi wa eneo jingine, Sara Thornton, akaletwa kuchunguza, na ripoti yake ikasema hakuona ushahidi wa kutosha kwamba polisi waliifikiria sheria kabla ya kuanza. Mwaka 2011 nguzo ziking'olewa, polisi wenyewe walikuwa wameshaomba radhi.

New York nako polisi walikuwa wakiandika namba za magari yaliyoegeshwa nje ya misikiti. Shirika la habari la AP lililifichua jambo hilo kuanzia 2011. Mwaka uliofuata afisa wa juu wa polisi alikubali mbele ya mawakili, kwa kiapo, kwamba kitengo kilichokuwa kikipeleleza mitaa ya Waislamu hakikuwahi kutoa hata fununu moja iliyoanzisha uchunguzi wa ugaidi kwa miaka sita. Kitengo kikavunjwa 2014.

Sasa rudi nyumbani. Mwaka huo huo wa 2014 ndio polisi waliingia Masjid Musa, Majengo, Mombasa, mwezi wa Februari. Aprili ikaja Usalama Watch, Wasomali wakazolewa Eastleigh kwa maelfu na wengine kufungiwa uwanja wa Kasarani. Na ni mwaka huo huo serikali ilipoipa Safaricom kandarasi ya mtambo wa mawasiliano na kamera kwa ajili ya polisi, kamera kama 1,800 katika miji miwili, Nairobi na Mombasa. Hatusemi kamera hizo ziliwekwa kwa ajili yetu. Tunasema sisi tunajua kuwa mshukiwa kwa jina, kwa kanzu na kwa mtaa kunafananaje, na tuna haki ya kuuliza kabla ya nguzo nyingine kuchimbiwa.

Utasikia mtu barazani akisema: mimi sina cha kuficha. Sawa kaka. Basi jibu hili. Gari lako lilikuwa nje ya msikiti fulani Ijumaa tatu zilizopita, na mtu usiyemjua kabisa, ambaye baadaye anatafutwa, gari lake lilikuwa hapo pia. Kompyuta inaona magari mawili, mahali pamoja, mara tatu. Utamweleza vipi afisa kwamba hukumjua? Na ukishakuwa mtu wa kutafutiwa kosa, ile orodha ya 500 na 1,000 inapata kazi mpya. Sheria ambayo kila mtu huivunja kila siku inamwachia anayeisimamia achague nani aitwe. Leo faini nne za spidi ni deni. Kesho zinaweza kuwa sababu ya kukushika na kukuuliza mambo ambayo hayana uhusiano wowote na spidi.

Kwa hivyo jibu letu ni hili: kamera ya spidi iwepo, mbele ya shule, kwenye njia panda za mauti, na bango kubwa liwekwe kabla yake ili dereva apunguze. Lengo ni apunguze, sivyo? Lakini namba ya gari ambalo halijakosa ifutwe pale pale. Isiwekwe mwezi, isiwekwe wiki. Na daftari la barabara lisifunguliwe na kitengo cha ugaidi bila amri ya mahakama yenye jina la mtu na sababu yake.

Tunaweza kudai hivyo? Tunaweza. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sehemu ya 35, inakupa haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake, na inakuruhusu kuomba uamuzi uangaliwe upya na binadamu. Mwanya upo: sehemu ya 51 ya sheria hiyo hiyo inaachilia mambo yanayosemwa ni ya usalama wa taifa, na mlango huo ni mpana kuliko unavyodhani. Ndiyo sababu masharti yanafaa kuandikwa kabla ya kamera, si baada. Wanubi walituonyesha njia. Nubian Rights Forum na wenzao walikwenda mahakamani kuhusu Huduma Namba, na Januari 2020 majaji wakazuia kukusanywa kwa DNA na alama za mahali mtu anapoishi, wakasema mfumo usiendelee bila kanuni kamili za kulinda data. Watu waliokuwa wakinyimwa hata kitambulisho ndio walioitetea faragha ya Wakenya wote.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza taasisi ya umma, nayo inafaa kujibu ndani ya siku 21. Andikeni barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa NTSA na kwa kaunti yenu: kamera ziko wapi, zinasoma namba za magari au la, data inakaa muda gani, nani mwingine anaiona. Andikeni mkiwa kumi, kila mtu barua yake, na muweke nakala iliyopigwa muhuri. Na ukiletewa ujumbe wa faini kwa simu, usilipe kwa linki iliyo ndani, matapeli hawalali. Ingia kwa akaunti yako ya serikali uhakikishe. Kama ni ya kweli na ni kosa lako, lipa. Kama gari halikuwa lako siku hiyo, au spidi si hiyo, omba picha, omba tarehe ambayo mtambo ule ulipimwa mara ya mwisho, kisha utuletee nakala ya walichokujibu.